Nilivyoitembelea Vasa katikati ya safari ndefu ya gari

Siku ya nne ya safari yetu ya gari kutoka Ujerumani kwenda kaskazini, baada ya kuvuka Daraja la Öresund, linalounganisha Denmark na Sweden, na kuendesha zaidi ya kilomita 600 ndani ya Sweden, tuliingia Stockholm migongo ikiuma na vichwa vikiwa vizito. Ratiba ilituachia saa tatu tu za kuitazama Vasa, meli ya kale iliyohifadhiwa ndani ya makumbusho, nami sikutaka kurudia kosa la makumbusho yaliyotangulia, ambako nilisoma kila kibao cha ukutani kisha nikatoka bila kukumbuka hata kimoja.

Kwa hiyo nilijiwekea swali moja: kwa nini Vasa, meli ya vita iliyoundwa kwa amri ya Mfalme Gustav II Adolf, ilizama tarehe 10 Agosti 1628 katika safari yake ya kwanza, ikiwa imekwenda takriban mita 1,300 tu? Lolote lisilohusiana na swali hilo ningelipita.

Gari tuliliacha mbali na katikati ya mji, tukapanda tramu hadi kisiwa cha Djurgården. Ndani ya makumbusho mna giza na ubaridi, kwa sababu mwanga na joto huharibu mbao za kale. Kwa mtu aliyetoka kukodolea macho barabara siku nzima, giza lile lilikuwa pumziko. Tuliketi kwanza kutazama filamu fupi ya utangulizi, kisha nikashuka peke yangu hadi ghorofa ya chini, penye mkuku, yaani uti wa chini wa meli.

Nadhani huo ndio uamuzi uliofanya ziara nzima iwe na maana. Ukisimama chini na kuinua macho, unaona jinsi tumbo la meli lilivyo jembamba na jinsi sehemu ya juu, yenye sitaha mbili za mizinga na shetri, yaani sehemu ya nyuma, iliyojaa nakshi, inavyopanda mno. Farumi, yaani mawe yaliyowekwa chini ili kuituliza meli, kiasi cha tani 120, haikutosha kuusawazisha uzito ule, na kuongeza mawe kungeyashusha madirisha ya mizinga ya chini karibu zaidi na maji. Kabla ya safari, mabaharia 30 walikimbizwa kutoka upande mmoja wa sitaha hadi mwingine ili kuupima uthabiti wake. Meli iliyumba vibaya hata jaribio likasimamishwa, lakini haikuzuiwa kuondoka. Upepo ulipoiinamisha, maji yaliingia kupitia madirisha ya chini yaliyokuwa wazi. Uchunguzi haukumtia mtu yeyote hatiani, na fundi mkuu aliyeisanifu alikuwa amekwisha kufa mwaka uliotangulia.

Wageni wengi walivutiwa zaidi na kisa cha rula za mafundi, nyingine zikifuata futi ya Sweden na nyingine futi ya Amsterdam, ambayo ni fupi. Kisa hicho kinapendeza, ila kwa maoni yangu kinawapotosha watu wadhani ndicho kilichoizamisha meli, kwa kuwa hata kama vipimo vingelingana, meli ingebaki nzito juu na nyepesi chini.

Nilitoka nje ya swali langu mara moja tu, nilipotaka kujua jinsi mbao zilivyodumu miaka 333 chini ya maji. Bahari ya Baltiki ina chumvi kidogo, na mdudu wa baharini anayetoboa mbao za vyombo hastawi humo. Baada ya kuopolewa tarehe 24 Aprili 1961, meli ilinyunyiziwa kemikali ya polietilini glikoli kwa miaka 17 ili isipasuke ilipokuwa ikikauka.

Mwenzangu mmoja alitumia muda wake wote kwenye mifupa ya watu waliozama nayo, nasi tulisimuliana ndani ya gari hadi usiku. Lakini kabla ya hapo, tukisubiri tramu, niligeuka nikaona milingoti mitatu iliyosimamishwa juu ya paa la jengo kuonyesha kimo halisi cha meli, nikaikadiria kwa macho juu ya ule mkuku mwembamba niliouacha chini.