Msimu wa kung'oa

Nimeshinda leo nimeinama bustanini nikiziondoa primrosi zangu mwenyewe, maua ninayoyachanganya nikitafuta aina mpya. Nilizichavusha kwa mkono, nikaotesha mbegu zake, nikailea miche kitaluni hadi ikastahili kuhamia tutani. Sasa ni Aprili, zimechanua zote kwa pamoja, na nimezipitia na uma wa bustani mpaka zikabaki chache za kuhesabika. Nyingine zilikuwa nzuri kiasi cha kumsimamisha mpita njia. Jirani yangu, mzee aliyezaliwa hapa hapa na kulima maua maisha yake yote, alinitazama kutoka upande wa pili wa ua kwa muda mrefu, kisha akauliza kwa upole kama zile zilizoko kwenye toroli zina mwenyewe. Nikamwambia abebe zote.

Kwa mgeni wa shajara hii: naishi Devon, kusini-magharibi mwa Uingereza, ingawa kwetu ni Lushoto. Primrosi ndilo ua la Devon. Kuanzia Machi kingo za vijia vya mashambani hujaa maua yake ya manjano iliyopauka, yenye doa la manjano iliyokolea katikati, na majani yaliyokunjamana yaliyolala chini kabisa, karibu na udongo. Hayo ya porini hayaguswi. Sheria ya mwaka 1981 inakataza kuyang'oa bila ruhusa ya mwenye ardhi. Nami sina haja ya kuyagusa, maana mbegu zake huuzwa.

Ninachokitafuta naweza kukisema kwa pumzi moja: rangi ile ile ya porini, manjano ya kupauka isiyopiga kelele, juu ya majani meusi-meusi ya rangi ya shaba, kwenye mmea unaoishi. Hilo la mwisho ndilo linalonitesa. Primrosi zinazopangwa milangoni mwa maduka makubwa kila Januari, zenye maua mapana kama vifuniko vya chupa, nyekundu, buluu, na rangi nyingine ambazo mwenyewe sijui niziiteje, zimezalishwa kwa ajili ya rafu. Zinatakiwa zichanue mapema, zichanue zote siku moja, zikae vizuri kwenye kopo dogo, na zivutie macho kwa wiki mbili tatu. Ukizipanda nje, nyingi hukunyata kwanza, halafu hupotea. Mimi hayo siyaiti maua ya bustani. Ni shada lenye mizizi.

Majani meusi sikuyabuni mimi. Ireland kuna primrosi ya zamani iitwayo 'Guinevere', yenye majani ya shaba na maua ya waridi, na hiyo ndiyo iliyowatia wengi wazimu huu. Joe Kennedy, Mwairishi, alitumia miongo kadhaa kuchanganya primrosi za kwao mpaka akapata 'Drumcliffe' na 'Innisfree', zilizoingia sokoni mwaka 2011. Napita njia alikopita yeye, ila namlenga ndege mwingine. Maua yake hayo mawili ni meupe yaliyoguswa na waridi, na mekundu. Mimi nang'ang'ania manjano.

Wengi mmeniuliza kazi yenyewe inafanywaje. Inafanywa kwa vidole, kibanio kidogo, na kuvumilia magoti yenye tope.

Chukua ua la primrosi ulitazame usoni. Utaona moja ya sura mbili. Ama katikati ya koo lake kuna kidonge cha kijani, kidogo kama kichwa cha pini, ama hakuna kidonge, kuna duara la vifuko vya chavua vilivyobanana mdomoni. La kwanza wakulima wa hapa wanaliita pini, la pili thramu. Mmea mmoja huwa na sura moja tu katika maua yake yote. Katika pini sehemu ya kike imepanda juu na chavua imejificha chini ndani ya mrija. Katika thramu mambo yamegeuzwa. Wapenda maua wa zamani, wale waliokuwa wakishindanisha maua kwenye mabaraza ya miji midogo, waliijua tofauti hii vizuri kabla ya wanasayansi, na pini walikuwa wakilitupa nje ya mashindano kwa kuwa halikupendeza macho yao. Ni Charles Darwin aliyeeleza, katika makala yake ya 1862, kwamba sura hizo mbili ni njia ya mmea kukwepa kujizalisha wenyewe: nyuki akitoka kwenye thramu anabeba chavua pale pale mwilini panapogusana na kidonge cha pini. Pini kwa pini, au thramu kwa thramu, mbegu ni chache na hafifu. Mwaka 2016 watafiti wa Uingereza walionyesha kwamba thramu wana kipande cha jeni tano ambacho pini hawana kabisa. Hiyo ndiyo sababu ukizivusha pini na thramu, yaani ukizipandanisha, watoto hugawanyika karibu nusu kwa nusu.

Basi mimi huchagua pini awe mama. Natafuta tumba la ua lililovimba lakini halijafunguka, nalishika kwenye shingo kwa vidole viwili, na kuvuta ule mrija wa petali taratibu. Hutoka mzima mzima, kwa sauti ndogo ambayo huenda naisikia mimi tu, na kwa kuwa vifuko vya chavua vimegandamana na ukuta wa mrija, hutoka navyo. Kinachobaki ni kikombe cha kijani na uzi mmoja uliosimama ndani yake, wenye kile kidonge juu. Sasa hakuna petali za kumwita nyuki, wala chavua ya kujichafulia mwenyewe. Kidonge kikianza kung'aa kwa utando wa unyevu, nachana ua la thramu, nachukua ukuta wenye vifuko, na kukipaka kama mtu anayepaka mafuta bawaba. Nafunga uzi wa rangi kwenye kikonyo, naandika kibao. Watu wananiuliza kwa nini situmii brashi ya rangi. Brashi hubeba chavua ya jana.

Baada ya hapo ni kungoja. Ndani ya kikombe kile cha kijani kifuko cha mbegu kinavimba, kikonyo kinainama, na mwanzoni mwa kiangazi kifuko cha mbegu huanza kupasuka. Ukichelewa, sisimizi wamekutangulia, maana kila mbegu ina kinofu kidogo cha mafuta wanachokipenda, wanaibeba mbegu nzima ili wapate hicho. Mbegu mbichi huota upesi kuliko zilizokaushwa na kuhifadhiwa. Hazifukiwi: zinahitaji mwanga, zinahitaji ubaridi, na joto likipita nyuzi 20 hivi zinagoma. Kwa hiyo mnamo Julai trei zangu zote ziko upande wa kaskazini wa nyumba, kwenye kivuli, mahali ambapo mtu mwingine angeweka mapipa ya taka.

Kizazi cha kwanza kwangu kilikuwa kijani karibu chote, vikonyo vyekundu kidogo tu kuonyesha kwamba damu ya majani meusi imo. Ilibidi nivushe ndugu kwa ndugu, pini na thramu wa uzao mmoja, ndipo majani ya shaba yakarudi, baadhi yameiva hasa. Lakini yalirudi yamebeba maua ya waridi. Manjano nayo ilikaa kwenye majani ya kijani. Ile niliyoitaka, manjano juu ya shaba, ilijitokeza mmoja mmoja kati ya wingi, na mara nyingi kwenye mmea dhaifu, wenye maua yaliyoelekea chini kana kwamba yanadaiwa.

Mama akapiga simu nikiwa katikati ya kazi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona unahema?"

Nikamweleza. Akanyamaza kidogo. "Hayo maua yenu yanaliwa?"

Nikamwambia yanaliwa, tena Waingereza wa zamani walikuwa wakiyapaka sukari na kupambia keki.

"Sasa kama yanaliwa, unayang'oa ya nini?"

Mama ana haki ya kushangaa. Nyuma ya nyumba yetu kule Lushoto, kwenye miamba yenye kivuli, kuna lile ua la zambarau la Usambara ambalo ofisa wa Kijerumani wa Tanga, Walter von Saint Paul-Illaire, alilituma kwao mwaka 1892. Leo aina zake ni maelfu, ziko madirishani dunia nzima, na jirani yangu huyu anayo moja jikoni kwake. Hakujua limetoka kwetu mpaka nilipomwambia. Primrosi nazo, kwa taarifa ya mama, hazikuikwepa Afrika kabisa: kwenye milima ya Ethiopia kuna jamaa yao wa manjano, wa ukoo mmoja na primula (jina la jamii nzima ya primrosi) ya Yemen. Hiyo ya Yemen ndiyo iliyokutana na primula ya Himalaya katika bustani ya mimea ya Kew, London, mwishoni mwa karne ya 19, bila mtu kupanga, wakazaa chotara mzuri asiyeweza kuzaa. Miaka ikapita, ghafla tawi lake moja likatoa mbegu. Kromosomu zake, nyuzi zinazobeba jeni, zilikuwa zimejiongeza maradufu, kutoka 18 hadi 36. Kisa hicho hunipa kicheko kila nikikikumbuka, kwa sababu wataalamu wote wa Kew walikuwapo na aliyefanya kazi ni mmea.

Ila anayenifundisha zaidi ni Florence Bellis. Alikuwa mpiga piano wa Oregon, Marekani, aliyeishiwa kabisa katika mdororo wa miaka ya 1930, akahamia kwenye ghala la shamba karibu na Gresham na kuanza kuotesha primrosi kwa mbegu za kuagiza Uingereza. Ghala likazaa jina la kazi yake: Barnhaven. Alichavusha kwa mkono, akachagua bila huruma, kizazi baada ya kizazi, mpaka rangi zake zikawa hazina mfano. Mwaka 1966 mbegu zake zilivuka bahari kwenda kwa warithi huku Uingereza, baadaye zikahamia Ufaransa, na bado zinauzwa. Gertrude Jekyll naye, mtunza bustani mashuhuri wa Kiingereza, tangu miaka ya 1870 alikuwa akifanya hivyo hivyo nyumbani kwake Munstead kwa zile zenye maua mengi juu ya bua moja. Wote wawili waliacha mmea uishi nje kwanza, ndipo wakasema ni mzuri.

Nami nimeamua hivyo. Mche wangu ukishatoka kwenye trei hauoni dawa, hauoni kivuli cha ziada, na Agosti ikikauka haumwagiliwi. Makoa wanakula wanavyotaka. Fukusi mweusi hutaga mayai yake, na funza wake wakimaliza mizizi, mmea wote unanyanyuka mkononi kama kofia. Nikiukuta hivyo naandika tu kwenye daftari: amekufa, jani zuri. Kuna mwenzangu mtandaoni anayesema huu ni ukatili na kwamba ningepata aina mpya haraka zaidi kwenye banda la kioo. Ni kweli, ningepata haraka. Lakini mnunuzi wangu, nikimpata, hatakuwa na banda la kioo.

Sheria nayo ina macho yake. Ukitaka haki ya mzalishaji hapa, yaani umiliki wa aina mpya uliyoizalisha, ambayo kwa mimea ya namna hii hudumu miaka 25, aina yako lazima itofautiane na zote zinazojulikana, mimea yake ifanane, na ibaki vile vile ikizidishwa. Na usiwe umeiuza nchini kwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya kuomba. Kwa mmea unaozidishwa kwa kugawa mashina, kufanana na kudumu si tatizo kubwa, kwani vipande vyote ni mmea ule ule mmoja. Ada ndizo zinazonifanya nikune kichwa. Sijaamua.

Baada ya kung'oa kote huko, umebaki mmoja ninaourudia kwa macho. Ni thramu. Majani yake yanatoka meusi Februari na kugeuka kijani cha kutu kufikia Mei. Maua ni manjano niliyoitaka, au karibu sana, na yanatazama juu. Kasoro anayo: vikonyo vifupi, hivi kwamba mvua kubwa ikipiga, tope humrukia usoni, na shina lake hupanuka polepole kuliko ninavyopenda. Pembeni yake nimemwacha pini mwenye vikonyo virefu na rangi mbaya, nimvushe naye kesho kama hakutanyesha.

Maua yakiisha nitauchimba huo wa thramu na kuugawa mara tatu. Kipande kimoja kitabaki hapa kwenye udongo wangu mzito wa mfinyanzi. Cha pili kinakwenda Scotland kwa rafiki mwenye baridi ya kweli. Cha tatu nampelekea shemeji yangu Leeds, ambaye tangu aoe dada yangu sijamwona akimwagilia kitu chochote.