Siku moja maishani mwangu: maharage ya nazi na saa sifuri

Saa 10:30 alfajiri laptopu iliyo juu ya kabati la vyombo inalia. Kwenye kioo pameandikwa: "Bandika maharage." Ni programu yangu mwenyewe. Nimeiandika kwa Python, lugha ya kuandikia programu, jioni baada ya jioni, na haitoki nje ya nyumba yetu hapa Kimara, Dar es Salaam. Kazi yake ni kuniongoza jikoni.

Maharage ya njano, nusu kilo, yamelala majini tangu jana saa 3 usiku. Namwaga maji ya kulowekea, nayaosha, nayabandika kwenye jiko la mkaa pamoja na kitunguu kizima. Mtungi wa gesi wa kilo 6 nauachia chai na mboga za haraka, maharage yangeumaliza. Yakianza kutokota nasali, kisha nakaa na kikombe cha chai nifungue faili lililoninyima usingizi.

Jana magharibi programu ilitangaza: "Epua wali saa 0 jioni." Mdogo wangu, yuko kidato cha pili, akauliza, "Dada, saa sifuri ndiyo saa ngapi?"

Kompyuta huanza kuhesabu siku usiku wa manane, saa 0 mpaka 23. Sisi tunahesabu jua likichomoza, kisha tunaanza upya likizama, na huku karibu na ikweta jua halitupi taabu: mwaka mzima linatoka na kuzama karibu saa zilezile. Tofauti ni saa 6. Kwa hiyo nachukua saa ya kompyuta, natoa 6, nagawanya kwa 12, nashika baki. 13 inanipa 7, yaani saa 7 mchana. 1 ukiitoa 6 unapata hasi 5, lakini kwenye Python ukigawanya kwa namba chanya baki haliwi hasi, linakuwa 7: saa 7 usiku, sawasawa kabisa. Taabu iko kwenye 6 na 18. Zote mbili zinabakiza 0.

Saa 11:45 maharage yameiva, punje inapondeka kwa vidole viwili. Naepua, yakipoa kidogo nayaweka kwenye friji, nakimbilia basi la mwendokasi la kwenda kituo cha Gerezani, Kariakoo.

Saa 1:30 asubuhi niko stoo. Mimi ni karani wa duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo: misumari, bawaba, rangi, nyaya. Mpaka saa 6 ni kupokea mzigo, kuhesabu na kuandika kwenye leja. Stoo hii ndiyo iliyonifundisha kwamba kipimo lazima kiandikwe kama kinavyouzwa. Programu yangu ya kwanza ilidai kila kitu kwa gramu, nikawa nakosa la kuandika nikitoka gengeni, kwa sababu mchicha unauzwa kwa fungu, na dagaa kwa kopo. Sasa kila kiungo kina kipimo chake, na fungu ni fungu, sibadilishi kuwa gramu.

Saa 7 mchana nakula kiporo cha wali na mchicha kutoka kwenye hotipoti, kalamu mkononi. Nyuma ya karatasi chakavu naandika mstari mmoja: baki likiwa 0, sema 12. Ni huo tu. Moyo unatulia, ingawa nakumbuka bado sijaamua alasiri inaishia wapi.

Nampigia mama, yuko Pangani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Umekula?"

Namweleza. Hashangai hata kidogo. Anasema alasiri ni saa 9 na saa 10. Ikigonga saa 11 ni jioni, na saa 1 ni usiku hata kama bado unaona njia. Naandika kama alivyosema. Kitabu cha kompyuta kingenipa mipaka mingine, lakini programu hii inazungumza na watu wa nyumba yetu.

Saa 12 jioni bado niko kwenye basi, nimesimama. Nashuka, napitia gengeni: nazi mbili, nyanya, pilipili hoho moja.

Saa 1 usiku nimekaa juu ya mbuzi, nakuna. Nazi ya kwanza imekomaa vizuri, inadondoka nyeupe. Namimina maji ya vuguvugu, nakamua: tui zito naliweka kando kwenye bakuli. Nakamua tena kupata tui jepesi, nalimimina kwenye maharage pamoja na kitunguu, nyanya na chumvi, moto wa wastani. Tui zito linaingia mwisho, na hapa mkono hautoki kwenye upawa. Unakoroga taratibu, unateka na kumwaga, bila kufunika, mpaka rojo linakuwa zito na linashika mgongo wa upawa. Likichemka kwa nguvu bila kukorogwa linakatika, unabaki na mafuta juu na maji chini.

Mwanzoni hatua hii niliiandikia dakika 8, nikakata tui mara mbili nikingoja kengele huku nimeangalia kioo badala ya sufuria. Nikaifumua hifadhidata. Sasa hatua inaweza kukosa dakika kabisa, ikawa na neno "mpaka" na maelezo yake: mpaka rojo lishike upawa. Programu inanyamaza, inangoja nibonyeze. Katika yote niliyoiandikia, hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote.

Saa 2:30 tunakula kwa wali. Mdogo wangu anaongeza mara ya pili.

Saa 3:15 usiku, vyombo vimeoshwa. Naongeza ule mstari wa mchana, kisha naiagiza programu itaje saa zote 24, moja baada ya nyingine, na mdogo wangu anasoma kwa sauti. "Saa 12 alfajiri. Saa 1 asubuhi." Anafika alasiri, anasita, nasema ni amri ya mama kutoka Pangani, anaendelea. "Saa 11 jioni. Saa 12 jioni." Ananitazama. "Saa 1 usiku."

Nahifadhi kazi kwenye Git, chombo kinachotunza kila toleo la programu, na maelezo mafupi: saa sifuri imeondoka. Kioo kinaandika: "Loweka choroko, usiku wa kuamkia Alhamisi." Nachukua bakuli.