Nilivyojua kama nashinda poka kwa akili au kwa bahati

Sisi tunacheza poka kwa maharage. Hela haikanyagi mezani, na hilo nililisimamia tangu mwanzo, maana mtu anayewaza ada ya mtoto hawezi kukupa jibu la kweli. Nami jibu nililitafuta sana: anayeshinda mchezo huu ana akili, au karata zimempenda tu? Baridi ya Mbeya mwezi wa Juni na Julai inawafungia watu ndani mapema, kwa hiyo wachezaji hawakukosekana hapa Uyole.

Ugumu ni kwamba matokeo ya poka yanadanganya. Umeshika A mbili, mwenzako K mbili, mmeweka kila kitu kabla hazijafunguliwa karata tano za mezani, ambazo kila mchezaji huziunganisha na mbili zake. Wewe una nafasi kama 82 kwa 100. Hata hivyo karibu mara moja katika kila tano utanyanyuka mikono mitupu, na wote watakuambia umecheza hovyo.

Dawa niliyoipata ni daftari. Kabla karata haijafunguliwa naandika kilichopo mezani, ninachodaiwa kuweka, na nafasi yangu. Nani kashinda, hilo anaandika mwingine kwenye daftari lake. Ninapokagua uchezaji wangu, nasoma la kwangu peke yake.

Usiku mmoja nilikuwa na kopa mbili mkononi. Mezani karata nne zimeshafunguliwa, mbili kati yake kopa, imebaki moja. Nilimsoma mjomba kuwa ana jozi, kwa hiyo kopa moja tu zaidi ingenitosha, maana kopa tano zinaishinda jozi. Kulikuwa na maharage 40, mjomba akasukuma yake yote yaliyobaki, 20. Yaani niweke 20 nipate 60. Karata nisizoziona ni 46, kopa ndani yake 9, karibu moja kwa tano. Hali hiyo ikijirudia mara tano, nne napoteza 80 kwa jumla, moja napata 60. Nikaandika, nikatupa karata zangu. Ya mwisho ikafunguliwa: saba ya kopa.

“Unaona sasa, mjomba! Woga umekunyima,” akaniambia huku akicheka, kama wajomba wanavyotuita wapwa zao.

Nikamsogezea daftari. “Hesabu ilikuwa hii kabla haijafunguliwa, mjomba. Ingekuja shupaza ingekuwa hiihii.”

Akachukua kalamu, akarudia mwenyewe. Kisha akauliza, “Na ningekuwa nimebakiwa na 5 tu, nikaziweka?”

“Ningefuata na 5 zangu, mjomba, bila kufikiri mara mbili.”

Swali lile ndilo poka yenyewe. Karata hazikubadilika hata moja. Ilibadilika bei ya kuzifuata.

Wengi wanaamini ustadi wa poka ni kusoma macho ya mtu. Mimi siamini tena. Mwaka 2017, mjini Pittsburgh nchini Marekani, programu ya kompyuta iitwayo Libratus, iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, iliwashinda wachezaji wanne wa kulipwa. Haikuwa na macho ya kusoma sura ya mtu, na bado ilichimba mkwara, yaani kujifanya ina karata nzuri wakati haina, vizuri kuliko wao, kwa sababu mkwara nao una hesabu yake: ukiuchimba kila mara utafuatwa, usipouchimba kabisa watu watakukimbia kila ukiwa na karata nzuri. Kwenye chesi kompyuta ya Deep Blue ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov tangu 1997, lakini kule kete zote ziko wazi. Poka inakutaka uamue huku nusu ya habari imefichwa, na hiyo kwangu ndiyo akili tunayoitumia kila siku.

Jingine lililonikaa moyoni: Libratus na wale wanne walicheza migao 120,000, yaani karata ziligawiwa upya mara zote hizo, ili bahati isije ikahesabiwa kuwa ustadi. Sisi tulikuwa tunamtawaza bingwa kwa jioni moja!

Daftari lilionyesha pia kwamba aliyetoka kupoteza maharage mengi huamua vibaya mgao unaofuata, awe nani. Tukaweka utaratibu: ukipoteza rundo, unakaa nje migao miwili, unakunywa chai.

Mjomba anauza viazi. Siku hizi lori halijatoka Uyole kwenda Dar es Salaam kabla hajaandika bei anayoitegemea na sababu zake. Bei ikiporomoka njiani, anafungua kwanza ukurasa ule aone siku ya kupakia alikuwa anajua nini, ndipo aamue kama mzigo ujao anaupunguza.