Talaka imekukuta na grinkadi ya miaka 2?

Jamani huku Marekani watu wanaogopa talaka kuliko shetani. Nna shoga yangu mwaka mzima alilala sebuleni kisa makaratasi, na mimi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo mpaka wakili akaniuliza kitu kimoja tu, grinkadi (kile kibali cha kuishi Marekani) umeshapata au bado?

Maana kama ombi la grinkadi kupitia ndoa bado linasubiri na hakimu kashatoa talaka, kwa kawaida ombi ndo limekufia hapo (ila kama mume raia au mwenye grinkadi alikuwa anakunyanyasa kuna sheria ya VAWA, unajiombea mwenyewe, ukishaachika una miaka 2 tu usizembee).

Mimi nilikuwa na ile grinkadi ya miaka 2, wanayokupa kama siku wanapopitisha ombi ndoa yenu yenyewe haijafikisha miaka 2. Kawaida mnajaza fomu I-751, ile ya kuondoa sharti la miaka 2, wote wawili ndani ya siku 90 kabla kadi haijaisha, sasa mimi wa kusaini naye nimtoe wapi na simu yangu hapokei? Kumbe unajaza peke yako, unaomba usamehewe ile saini ya mwenzio, na hizo siku 90 wala huzisubiri. Wanataka hati ya talaka yenyewe, kutengana tu hakutoshi, halafu uwaonyeshe mlioana kweli sio kwa ajili ya makaratasi.

Hapo ndo nilijuta, maana siku ya hasira nilifuta picha zote! Nikaanza kuhangaika, taarifa za akaunti ya pamoja, mkataba wa nyumba wenye majina yetu wote, kodi tulizojaza pamoja, mpaka bili za umeme. Picha za harusi alinitumia wifi yangu, yule yule ambaye hatukuwahi kuiva chungu kimoja, usiku uleule na wala hakuuliza za nini.

Wenye kadi ya miaka 10 talaka haiwanyang'anyi kadi, ila ile njia ya uraia ya miaka 3 ya wenye ndoa na raia ndo basi tena, unasubiri 5.

Na udhamini aliokusainia mume kwenye I-864, ile fomu ya kuahidi kukusaidia kifedha, hauishi kwa talaka, unaendelea mpaka upate uraia au ufikishe robo 40 za kazi, kama miaka 10 hivi, labda ufe au uhame moja kwa moja. Mtalaka wangu alivyoambiwa hivyo akanipigia simu kwa mara ya kwanza baada ya miezi, anafoka kama vile hiyo sheria nimeitunga mimi.