Rusumo: Basi Linapohama Upande

Kutoka Kigali hadi Rusumo, mpakani mwa Rwanda na Tanzania, nilikaa kiti cha mbele, na wewe sikushauri ukae hapo. Basi lilikuwa la Tanzania, usukani kulia, mlango kushoto, na Rwanda magari hupita kulia. Kila tuliposimama kushusha abiria, mlango ulifungukia katikati ya barabara. Konda alitangulia kuruka, akanyoosha mkono kuzuia pikipiki, ndipo akina mama wakashuka na mizigo yao.

Shughuli pevu ni kulipita lori. Dereva yuko pembeni kabisa mwa barabara, mbele yake tela tu. Macho yake ni utingo aliyekaa kushoto: “Bado... bado... nenda!” Dereva mzoefu halisogelei tela. Huliachia nafasi kubwa, na kwenye kona ya kulia huchungulia upande wake aone mbele kuna nini. Usiku ni balaa jingine. Taa za gari la usukani kulia, hata zikishushwa, mwanga wake hupanda kidogo kushoto, na huku kushoto ndiko wanakotokea wenzako. Wanapigwa machoni, nao wanakujibu kwa taa kali.

Usumbufu wote huu ni masalia ya vita vya 1914. Mjerumani von Götzen alivuka mto Kagera hapa Rusumo mwaka 1894, na baadaye kingo zote mbili zikawa koloni moja. Mwaka 1916 Wabelgiji wakaingia. Tarehe 30 Mei 1919 Milner wa Uingereza na Orts wa Ubelgiji wakagawana: Ruanda-Urundi (Rwanda na Burundi za leo) kwa Mbelgiji anayepita kulia, Tanganyika kwa Mwingereza anayepita kushoto. Mwingereza akataka na eneo la Gisaka, ng’ambo ya magharibi ya mto, apitishe reli ya Cape hadi Cairo. Mwami Musinga, mfalme wa Rwanda, akapinga, wamisionari wakapiga kelele, na kufikia mwanzoni mwa 1924 Gisaka ilikuwa imerudishwa. Reli yenyewe haikujengwa. Kibungo, tulikoshusha watu, ni Gisaka hiyohiyo. Ingebaki kwa Mwingereza, basi letu lingehama upande mapema zaidi.

Mpakani ni kituo cha pamoja: ukitoka Rwanda unavuka daraja kwanza, kisha unagongewa mihuri yote miwili upande wa Tanzania. Madirisha yamekaribiana, na abiria wenye haraka hugongewa wa kutoka wakakimbilia basi bila wa kuingia. Hesabu mihuri kabla hujaondoka dirishani. Kadi ya homa ya manjano iwe mkononi, si kwenye begi lililofungwa buti. Saa yako isogeze mbele saa moja. Wabadilisha fedha watakupunja. Badilisha ya chakula tu.

Tulipoingia Tanzania, ikawa zamu ya pikapu ya Kigali iliyokuwa nyuma yetu. Usukani wake kushoto, abiria wa kulia katoa kichwa dirishani akimpelelezea dereva njia.

Jumuiya ya Afrika Mashariki ina ushuru wa forodha wa pamoja, lakini barabarani imegawanyika: Tanzania, Kenya na Uganda kushoto, Rwanda, Burundi, Kongo, Sudan Kusini na Somalia kulia. Kuunganisha si kuchora mistari upya tu. Kuna milango ya mabasi, taa, alama, mizunguko ya makutano, na madereva wa kufundishwa upya. Kila nchi ingependa jirani ndiye ahame.