Upepo wa maada giza juu ya Dodoma: kumbukumbu ya mradi, wiki ya tano

Jumamosi, mwishoni mwa Septemba. Grafu ya upepo huo imekaa sawa, baada ya wiki nzima ya kupishana kwa saa sita.

Kosa lilikuwa la Mswahili hasa. Kwenye daftari naandika "saa tatu usiku", halafu kwenye Python naingiza 3. Programu ikaelewa saa tisa usiku. Mdogo wangu ndiye aliyelikamata: "Kaka, hii saa yako ni ya wapi?"

Kwa aliyeingia leo: Jua letu linakizunguka kitovu cha galaksi kwa kasi ya kilomita kama 230 kwa sekunde, likielekea upande wa kundinyota la Cygnus. Kama maada giza, ile maada isiyoonekana inayojulikana kwa mvuto wake tu, imetanda humo bila kuzunguka nasi, basi tunapigwa na upepo wake kutoka huko.

Fizikia inashikilia kwamba mielekeo yote ni sawa: geuza jaribio, kanuni ni zilezile. Wenye vigunduzi vya chini ya ardhi wanaweza kuupima ulinganifu huo kwa kuangalia kama mapigo ya chembe kwenye kigunduzi yanapanda na kushuka Dunia inapojizungusha. Tatizo, upepo nao una mzunguko huohuo. Usipojua upepo peke yake unafanya nini, utatangaza kanuni imevunjika, kumbe wapi.

Kwa hiyo nauchora. Hapa kwetu chanzo chake hakifiki utosini. Kinaishia nyuzi 35 hivi juu ya upeo wa macho, upande wa kaskazini. Kinakaa angani saa 11, na saa 13 zilizobaki upepo unatujia kutoka chini ya miguu, umeshaipenya Dunia. Gran Sasso, Italia, walikofanyia kazi DAMA, jaribio la kutafuta maada giza, kinapita karibu na utosi. Jana nilihakiki uani kwa protrakta na uzi wenye jiwe: nyota Deneb ilisimama nyuzi 37, hesabu inasema 38. Kwa vumbi lile, nimeridhika.

Kilichonifurahisha zaidi ni siku ya nyota, yaani muda wa Dunia kujizungusha mara moja ukiipima kwa nyota: saa 23 na dakika 56. Joto la mchana na umeme wa mtaani hufuata saa 24. Cygnus inawahi dakika nne kila siku, na kwa mwezi mzima zinafika saa mbili. Kinachoteleza hivyo hakitoki kwa jua la Dodoma.

Bado sijaingiza kasi ya Dunia kulizunguka Jua, kilomita 30 kwa sekunde, inayoufanya upepo uwe mkali zaidi mwanzoni mwa Juni. Umeme umekatika, betri imebaki asilimia 9.