Siku moja na wazee wangu wa Mji wa Kale, Mombasa

Saa 12:30 asubuhi. Chai ya tangawizi iko mezani, na begi la kazi pia. Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii. Nakagua mashine ya presha, kipima sukari, mizani, na simu ninayosajilia ziara.

Saa 3, Kibokoni. Napanda ngazi za ghorofa ya pili nikipapasa ukuta, maana taa imeungua. "Hodi!" "Karibu mwanangu, pita." Nyanya ana miaka 78. Namwacha atulie dakika 5, mgongo kaegemeza, ndipo namfunga kitambaa mkononi: 138 kwa 84. Nzuri. Namsimamisha, baada ya dakika moja napima tena: 112 kwa 70. Imeshuka sana.

"Ukisimama, waona kizunguzungu?"

"Alfajiri, nikiondoka kitandani. Si kitu."

Ni kitu sana. Wazee wengi huanguka hivyo, na nyonga ikivunjika safari inakuwa ndefu. Huenda ni dawa, huenda ni maji: uzeeni kiu hupungua, na kaskazi hii inakausha. Namwandikia rufaa ya kliniki, namsihi asiache dawa kwa shauri lake, na akiamka akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba ana miezi sita hajateremka. Namwomba ainuke kitini bila kujishika; mara ya nne anahema. Mkaza mwana wake amemtoa jikoni, amemkataza hata kwenda kununua mbaazi. "Mama amechoka na dunia, apumzike." Asema kwa mapenzi, nami siyadharau. Lakini miguu isiyotumika huisha, na mtu asiyeulizwa chochote nyumbani mwake hunyamaza.

"Wakumbuka kukanda mahamri, nyanya?"

Akaketi wima. "Unga wangu haujawahi kukataa kuumuka!"

Tumekubaliana: kesho akande yeye, amesimama mezani, kiti kiwe nyuma yake. Mkeka uliopinda ncha mlangoni tumeukunja, na mjukuu ametumwa balbu.

Saa 6, barazani. Wazee wako kwenye bao na kahawa chungu. Wawili nimewapima presha. Mmoja dawa zimemwishia, anangoja zile shilingi 2,000 za Inua Jamii, pesa za serikali kwa wazee. Nimempeleka zahanati mwenyewe.

Mchana, kuandika ripoti tu.

Saa 11 jioni, bustani ya Mama Ngina. Kina mama sita, leso viunoni, tunatembea nusu saa kando ya bahari. Siku 5 za hivi kwa wiki ni dakika 150, kiasi ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza. Kisha tunashika ukuta na kusimama kwa mguu mmoja, kuzoeza mwili usiyumbe.

Saa 2 usiku, simu ya mkaza mwana.

"Dada, Mama auliza unga wa kesho. Nimemwambia nusu kilo, asema huo ni wa kuchezea watoto. Ataka kilo mbili, awapelekee na majirani wa chini."